Blanketi la Bruno

Jumatatu, 10 Julai 1995
Mgongo! Kutwa nzima nabeba kreti za sangara kutoka kwenye meza za minofu hadi chumba cha barafu. Ukitoka nje, jua. Ukiingia ndani, barafu. Mwili haujui uko nchi gani. Hiki ndicho nilichoachia migomba ya baba kule Muleba!

Habari moja nzuri. Mzee Chenge, aliyekuwa anashona aproni za kiwanda, amerudi kwao Misungwi moja kwa moja. Kiti chake kule stoo kiko tupu. Kiti! Kina egemeo! Meneja kasema Jumamosi atachagua mtu kati yetu wabebaji. Nakitaka kiti kile kuliko nilivyomtaka mke wangu. Maige, mbebaji mwenzangu, Msukuma wa hapahapa, naye anakitaka. Maige, aliyeshona nyavu tu tangu azaliwe! Mimi nimeshona kaptula za shule kwa mjomba, tangu nilipoacha darasa la tano.

Getruda, mpishi wa meneja, ni wa kwetu. Kanong'oneza kuwa Jumamosi hiyohiyo mbwa wa Madam, Bruno, anatimiza miaka mitano. Kutakuwa na keki. Madam, mke wa meneja, ana huzuni kwa sababu Bruno anatetemeka asubuhi kwa upepo wa ziwa. Mimi siku yangu ya kuzaliwa haijulikani. Mama anasema ulikuwa msimu wa senene, basi. Hasira imenipanda hadi chai ikapoa. Halafu likaja wazo. Nitamshonea Bruno blanketi. Madam atafurahi, mumewe atanipa kiti.

Jumanne, 11 Julai
Nimepata blanketi la mtumba soko la Mlango Mmoja. Zito, la Ulaya, lina tundu la kuungua katikati. Jioni nikaenda kwa meneja, Kapripointi, kumpima Bruno. Getruda alimshika kwa kumlisha maini. Maini! Mimi nakula mapanki, mifupa inayobaki baada ya minofu kwenda Ulaya, na huyu anatema maini kwa kuwa hayana chumvi.

Kumbe Maige kanifuata. Akasimama nje ya ua, akaniuliza kwa sauti kubwa ikiwa mimi nshomile, msomi mwenye maringo, nimetoka Bukoba kuja kumpimia mbwa suti, na kama atavaa na tai. Walinzi walicheka hadi mmoja akakaa chini. Nikamjibu kuwa wivu utamuua. Akasema hapana, kitakachomuua ni kicheko.

Jumatano, 12 Julai
Maafa. Nilishona mchana kiwandani, nimekaa juu ya kreti, kwa sindano ya magunia. Sikufikiria harufu ya samaki. Getruda akampelekea Bruno ajaribu. Kalila! Kala pembe nzima. Getruda karudisha lililobaki kwenye mfuko, ananiambia kaka, hukushona blanketi, umeshona kitoweo.

Nimelifua mara nne, kwa ndimu. Sasa lina tundu katikati na halina pembe. Linahitaji kitambaa cha juu, kizuri, kizito. Sina. Nimeipiga teke ndoo ya mwenye nyumba. Kidole kimevimba.

Alhamisi, 13 Julai
Nimepata!

Mwenye nyumba wangu hapa Ilemela ni Mama Shimba, mjane, mkali. Nyuma ya nyumba, chini ya jiwe kubwa, kuna kibanda kidogo cha nyasi. Miaka miwili nimedhani ni cha kuku, ingawa kuku sijamwona. Leo nikachungulia. Mna kigoda, na juu ya kigoda shuka nyeusi imekunjwa vizuri, haijavaliwa na mtu. Nilikasirika kabisa. Kuna watu duniani wanahangaika kwa kipande cha nguo, na mwanamke huyu anaitandikia kigoda! Nimeichukua. Nikipata kiti nitamrudishia nyingine, mpya zaidi.

Ijumaa, 14 Julai
Limekwisha. Shuka juu, blanketi chini, uzi mwekundu pembeni, kamba mbili za kufungia kifuani. Nimeshona na zawadi, samaki wa kitambaa aliyejaa matambara. Niliwaonyesha kiwandani. Maige alilitazama muda mrefu, akagusa shuka kwa kidole kimoja, akauliza nimeitoa wapi. Nikamwambia aulize nyavu zake. Hakucheka. Akauliza tu kama bado nakaa Ilemela kwa yule mjane. Nikajua nimemshinda!

Nyumbani kelele. Mama Shimba anasema nguo ya babu yake imetoka kwenye nyumba ya babu yake. Nilimpa pole, nikasema mji umejaa wezi siku hizi, biashara huria imeleta kila mtu. Akanitazama. Akasema hataniuliza kitu. Babu mwenyewe atamwonyesha.

Babu gani? Alikufa zamani.

Jumamosi, 15 Julai
Hasira!

Ilianza vyema. Wabebaji wote, isipokuwa Maige, tukasimama bustanini kwa meneja na soda. Bruno akatoka amevaa. Alitembea kama diwani! Madam akapiga makofi. Meneja akainama, akavuta mshono, haukuachia. Akasema kazi nzuri, nzuri sana. Tayari nilikuwa nasikia egemeo mgongoni.

Ndipo lango likafunguka, akaingia Maige na Mama Shimba. Maige ndiye aliyemleta!

Nilingoja matusi. Mama Shimba hakutukana. Alivua viatu, akapiga magoti kwenye nyasi mbele ya mbwa, akasema shikamoo babu. Akampa unga wa mtama uliokorogwa kwa maji. Bruno, anayetema maini, akaramba bakuli lote. Mama Shimba akaendelea kuzungumza naye kwa Kisukuma, taratibu, kama mtu anayemuuliza mzee kama amelala salama.

Madam machozi yakamtoka, akataka aelezwe. Meneja akanigeukia mimi, kwa kuwa blanketi ni langu. Miaka miwili hapa na Kisukuma changu kinaishia kwenye salamu!

Maige akaeleza. Kuwa kibanda kile ni cha mababu, kuwa nguo ile alipewa babu siku ya kuombwa mvua, kuwa mama huyu hana ugomvi na mbwa, anaomba nguo irudi nyumbani. Akamalizia kwa upole kwamba ndugu yetu ni mgeni, hakujua. Mgeni! Afadhali angeniita mwizi!

Mama Shimba alikata uzi wangu mwekundu kwa meno, mshono hadi mshono, akakunja shuka, akaondoka. Bruno akamfuata hadi langoni. Meneja akasema anayeweza kumaliza jambo kama lile bila kelele ataweza pia stoo, na kushona atafundishwa.

Kiti kaenda nacho Maige. Mimi nimerudi na blanketi lenye tundu.

Jumapili, 16 Julai
Mama Shimba kaweka godoro langu nje, limekunjwa vizuri kuliko nilivyowahi kulikunja. Nikamwambia nilitaka kumrudishia. Akasema anajua, watu wote wanaochukua wanataka kurudisha. Getruda kaniombea nafasi kwa kaka yake, Rutashobya, katekista. Chumba kiko nyuma ya kigango, kanisa dogo la mtaani, pamoja na vitu vya kanisa.

Jumatano, 19 Julai
Mgongo ni uleule. Nimepita stoo. Maige amekaa! Kanipungia mkono na aproni aliyoshona kinyume, kaniita ndugu.

Lakini sikilizeni. Getruda anasema rafiki wa Madam amefika kutoka Nairobi, ana mbwa wadogo wawili, wana mafua. Mume wa huyo rafiki anafungua ofisi mjini na anatafuta mtu wa kukaa mapokezi. Kukaa! Maige hana habari.

Nilikosea jambo moja tu: nguo nyeusi haimpendezi mbwa. Na hapa chumbani kuna kabati. Ndani mna kitambaa cheupe kirefu, kizito, kimedariziwa msalaba wa dhahabu katikati, kimepigwa pasi. Jumapili hadi Jumapili hakuna anayekigusa.

Nimekipima. Yanatoka mablanketi mawili, na kinabaki cha mikia.