Hotuba ya Uzinduzi wa Mpango Kabambe wa Keni kwa Kila Kaya, Kigwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji cha Kigwa, Mheshimiwa Mtendaji, Sheikh Thani, Katekista Dionis, wadau, wawakilishi wa wadau waliotuma udhuru, akina mama wa bustani, na hasa wewe Bi Pelagia uliyesimama hapo mbele ingawa viti vipo, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya meza kuu.)

Ndugu wananchi, njia hii iliyopitisha misafara ya pembe na chumvi leo inapitisha msafara wa keni ya kumwagilia, na mimi, kama Mratibu wa Mpango, nimeridhia kuuongoza. (Bi Pelagia: "Mheshimiwa, jua hilo!") Nimeliona, mama, limo kwenye mpango kazi.

Keni hii ninayoinyanyua, yenye utepe, ni teknolojia jumuishi. Miche ya vitunguu kitaluni inataka kichwa hiki chenye matundu madogo, maji yashuke kama manyunyu, isije ikang'oka. Nyanya, vua kichwa, mimina taratibu shinani, maana majani yakilowa ukungu hauko mbali. Mchicha hauna makuu, mradi udongo unywe. Na utafiti wetu umethibitisha, kwa asilimia tisini na nane nukta nne, kwamba kumwagilia ni asubuhi na mapema, kwani mche mchanga ukikaa bila maji mpaka saa sita unalala na hauamki. (Bi Pelagia: "Si ndiyo hiyo saa sita inaingia!") Naipokea fidibaki hiyo.

Wapo wanaouliza keni zenyewe ziko wapi. Ziko kwenye mchakato. Tumefanya semina elekezi, tukafanya semina ya mrejesho wa semina elekezi, kisha ziara ya mafunzo Arusha, ambako mimi binafsi, bila kujali afya yangu, nilikula chakula cha mchana na wataalamu mara mbili. (Kicheko. Bi Pelagia anasogea mezani: "Baba, nakuomba, vitunguu vyangu vinalala. Ndiyo ada ya watoto ile.") Mnaiona hamasa? Mpiga picha, mchukue!

Keni! (Meza kuu: "Oyee!") Kwa kila kaya! (Minong'ono.) Mwagilia kwa weledi! (Mtu anakohoa.)

Kabla sijaketi, shukrani za pekee kwa Bi Pelagia, ambaye leo alfajiri, tulipomkuta njiani akienda kisimani, alikubali kutuazima keni yake hii, ambayo ndiyo Mpango wenyewe kwa awamu zote. Nina furaha kumtangazia kwamba keni yake imepandishwa hadhi: kesho tunaizindua Urambo, keshokutwa Ziba, na yeye mwenyewe tutamwandalia cheti.

(Bi Pelagia anaichukua keni mezani, na utepe wake, na kushika njia ya bustanini. Uwanja mzima unasimama. Makofi marefu, vigelegele.)

Asanteni. Asanteni sana, ndugu zangu wa Kigwa. Kwa kweli sikutegemea hotuba yangu ingewagusa kiasi hiki.