Mhamiaji wa Tanga

Jumapili, 3 Agosti 2025
Nimeitangazia kwaya ya parokia kwamba nahamia Tanga. Sijawahi kufika, wala kuishi popote nje ya Tabora. Lakini ndio mji wa moyo wangu: nasikia watu wake wanapenda baiskeli kama sisi wa Tabora, ila wao wakichoka kupiga pedeli wanatazama bahari. Siku moja nitaishi huko. Leo lengo lilikuwa jingine: Imakulata wa sauti ya kwanza asikie, ashtuke, aseme Leodgar usiende.

Hakushtuka. Akanipa hongera, akauliza naondoka lini. Hilari, mwenzangu wa besi, anayemsogelea Imakulata kila mazoezi, akanijibia: Alhamisi kuna treni.

Jumatano, 6 Agosti
Wameniaga kwa pilau, soda na begi jipya la magurudumu. Hilari alihutubu kirefu, akafuta machozi ambayo sikuyaona. Kisha akapewa solo yangu ya Jumapili. Nilitaka kusema nimeghairi. Lakini begi zuri, na watu wameshakula.

Alhamisi, 7 Agosti
Kwaya nzima stesheni, wanaimba. Imakulata akapunga mkono. Simanzi ikanishika kwelikweli, hata nikasahau kwamba sihami. Mpango: nashuka Tura, natulia kidogo, narudi nikisema Tanga nimeishindwa kwa kuikumbuka kwaya. Tura hakuna anayenijua.

Ijumaa, 8 Agosti
Gesti ya Tura. Vumbi tupu. Nimemwandikia Imakulata kwamba upepo wa bahari ni mtamu. Akauliza nakula nini. Nikajibu pweza. Ukweli, nilikuwa nakula mihogo ya kuchemsha ya Mama Bernadeta, muuzaji wa hapa stesheni. Mama mkarimu, anasikiliza vizuri. Nikamsimulia yote, pamoja na jina la Imakulata. Akasema ana mpwa wake Tabora, naye mwanakwaya, jina hilohilo. Nikamwambia majina hufanana.

Jumapili, 10 Agosti
Nimerudi jioni. Imakulata alikuwa stesheni, peke yake. Nikaanza habari za bahari. Akaniuliza pweza wa Tura huvuliwa wapi. Shangazi Bernadeta alishampigia simu.

Tukatembea, yeye akinivutia begi. Mbele kidogo akasema Hilari aliimba solo kama mbuzi aliyenaswa kwenye uzio. Halafu, kwa upole, akauliza: "Kwa nini hukuniambia tu, Leodgar? Ningekusikiliza."

Nikamwomba radhi. Nikaapa kutomdanganya tena, na niliapa kwa moyo wote. Akanisamehe. Tukakaa kwenye benchi la duka, tukanywa soda. Akaniambia jambo ambalo hajamwambia mtu: yeye anaota kuishi Kigoma, afungue dirisha asubuhi aone ziwa. Tatizo hamjui yeyote aliyewahi kuishi huko, wa kumweleza palivyo.

Nikamwambia mimi nimeishi Kigoma miaka mitatu, tena ziwani kabisa. Amefurahi sana. Jumamosi namchorea ramani.