Darasa la Vitambaa la Elieth

Jumatano, 9 Julai 2025

Muhula umefunguliwa jana tu, leo tayari nina janga. Sista Mokami, mkuu wetu wa shule, katangaza kikaoni kwamba masomo ya hiari yatachaguliwa upya Ijumaa ya wiki ijayo, kidato cha kwanza na cha pili wote. Somo lisilofikisha wanafunzi kumi linafutwa, na chumba chake kinakwenda kwa kompyuta. Kompyuta ni za mwalimu mwenzangu Sadock. Sadock akakohoa kidogo, akanitazama. Mshenzi!

Mimi kwenye kufuma nina watatu. Wawili walifukuzwa kwaya. Wa tatu ni Nchagwa, anakuja kulala.

Haki ya Mungu, sijui kufuma. Mimi ni mtu wa Jiografia. Darasa la vitambaa alilianzisha mke wangu Elieth. Februari tulipomzika, Sista alitaka kulifunga, nikaropoka kwamba Elieth alinifundisha kila kitu, nitaliendeleza. Tangu hapo nafundisha pamba inalimwa wapi duniani. Tumeshafika Misri.

Lakini chumba kile, jamani! Mapazia kayafuma yeye. Mto wa kiti, yeye. Mezani kuna kitambaa cheupe ambacho hakukimaliza, sindano yake bado imechomekwa. Nyumbani ndugu waligawana nguo zake siku ya kuondoa matanga, hakikubaki hata kilemba. Pale tu ndipo naona kama katoka kidogo, atarudi. Chumba sitoi!

Ijumaa, 11 Julai

Mpango! Watoto wa bweni wana njaa saa zote. Nimechukua maandazi kwa Mwajuma mwenye duka pale Mugumu, ndoo nzima, nikatangaza mstarini kwamba kwenye kufuma kuna maandazi. Walijaa hadi madirishani! Sadock akabaki na kompyuta zake na mtoto mmoja mwenye jino bovu. Nikampungia mkono.

Maandazi yakaisha, watoto wakaisha. Akaingia Sista, akakuta mapazia yamefutiwa mikono. Kasema chakula darasani kinaleta panya, marufuku. Nani alimwita? Sadock! Nani mwingine?

Hilo si kitu. Nchagwa alibaki kunisaidia kufagia. Akaona uzi unaning'inia kwenye kile kitambaa cheupe, akadhani ni uchafu, akauvuta. Ukaja. Akaendelea kuvuta. Nilipogeuka kilishafumuka karibu chote, kimebaki kipande cha ukubwa wa kiganja, na mtoto kashika uzi mikono miwili, anatabasamu. Sikuweza hata kumgombeza. Nilitoka nikaenda nyuma ya choo cha walimu, nikalia.

Jumamosi, 12 Julai

Nimejaribu kukirudishia. Nimepata fundo. Nimelivuta fundo, limekuwa kubwa zaidi.

Anayefuma kama Elieth ni mmoja tu, aliyemfundisha: mama yake, yuko Machochwe. Jina lake silitaji hata humu, ni mama mkwe wangu. Kwetu Wakurya mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani. Nikimwona njiani naingia kwenye mahindi ya watu. Hata msibani yeye alilia ndani, mimi nililia nje karibu na zizi. Mpaka leo hatujapeana pole.

Nimempigia shemeji Elia, kaka yake Elieth, amwombe mama aje siku ya kuchagua masomo awaonyeshe watoto kazi. Elia akanitaka nirudie. Kisha akauliza, mura, kijana mwenzangu, hili jambo umelifikiria vizuri? Nikasema nimelifikiria. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza.

Jumanne, 15 Julai

Amekubali! Sharti lake moja: yeye akiwa ndani, mimi nje. Rahisi kabisa! Siku moja tu nakaa nje, napata watoto, Ijumaa zinazofuata narudi kwenye kiti changu. Nimejipongeza kwa soda. Sadock kaniuliza mbona nacheka peke yangu. Nikamwambia aanze kutafuta pa kuweka kompyuta zake.

Ijumaa, 18 Julai

Elia kamleta kwa pikipiki. Niliposikia mlio nikakimbilia nyuma ya simtanki la maji, nikasubiri aingie. Kisha nikanyata mpaka chini ya dirisha.

Sikuwahi kumsikia akiongea kwa kirefu. Miaka yote ya ndoa, salamu zilipita kwa watu. Leo kaongea, kachanganya Kikurya na Kiswahili, kawatania watoto kwamba wanashika sindano kama fimbo ya kuchungia. Halafu akacheka.

Mungu wangu! Ni sauti ya Elieth. Ileile! Hata ule mtindo wa kuvuta pumzi kicheko kinapoisha. Nikakaa chini palepale, nikafumba macho. Kwa muda kidogo mke wangu alikuwa ndani, anafundisha.

Sista kanikuta hapo. Kauliza, Mwalimu Nyangwine, mwenye somo anafanya nini kwenye matope? Nikamweleza. Yeye ni mtu wa Genkuru, Mkurya mwenzetu, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Akaondoka zake.

Jioni, matokeo. Kufuma kumejaa! Hata wa kwaya wamehama! Kwa Sadock umeme ulikatika mchana kutwa. Nimeshinda! Alikuja kunipa mkono. Nikaukataa kwanza, ndipo nikaupokea.

Jumatatu, 21 Julai

Sista kaniita. Kasema watoto wanamtaka bibi, na bibi kakubali kuja kila Ijumaa, gari la shule litamfuata. Na kwa kuwa mila ni mila, mimi chumba kile nisikikanyage tena. Ufunguo akabidhiwe bibi. Nimeutoa. Uligoma kutoka kwenye pete yake, nikatumia meno. Sista akageukia ukutani mpaka nilipomaliza.

Kwa huruma yake kanipangia kazi nyingine ya Ijumaa. Msaidizi wa Sadock! Wa kuwasha jenereta!

Nimekiokoa chumba, nimejifungia nje mwenyewe. Elieth angecheka mpaka akae chini. Nyumbani leo sikuwasha hata taa. Ya nini?

Jumamosi, 26 Julai

Jana nililiacha jenereta likinguruma, nikarudi chini ya dirisha. Mama mkwe alikuwa anawasimulia watoto jinsi Elieth alivyoanza kufuma kwa kijiti cha mwiba. Sikuwa naijua hadithi hiyo. Jenereta likazimika, Sadock akaanza kuliita jina langu shule nzima.

Leo Elia kaja. Kaongea taratibu, kama mtu anayempa mgonjwa dawa. Kasema mama aliona kivuli changu, akawa anakosea mishono hadi mwisho wa kipindi. Anaomba nisisogee tena dirishani. Anajua ninachokifuata, na yeye anaumia vilevile, lakini ni aibu, hawezi. Kitambaa cheupe ameanza kukifuma upya kwa uzi uleule. Ila hajui mwanawe alikusudia kuweka nini katikati.

Ndege wawili, nikamwambia Elia. Aliniambia mwenyewe, Desemba. Mpelekee mama habari hiyo. Elia akavaa kofia yake akaondoka haraka, maana na yeye alikuwa anafuta macho.

Sitakwenda tena dirishani. Mwanamke wa watu kapoteza mtoto, nisimtese. Imekwisha.

Jumatatu, 28 Julai

Haijaisha! Nimepata! Kati ya chumba cha vitambaa na stoo ya jikoni kuna ukuta, na ukuta ule haufiki kwenye bati. Kule juu uko wazi kabisa! Dirisha la upande ule halipo. Kivuli hakipiti, sauti inapita.

Nimemwahi Sista akitoka misani. Nimemwambia watoto wa siku hizi wanahitaji somo la kuoka keki. Ijumaa mchana. Stooni hasa, pana hewa nzuri. Kauliza kama najua kuoka. Nikamwambia tangu utotoni, nimekulia kwenye keki. Akanitazama usoni kwa muda mrefu, akatazama kule stoo, akatazama chumba cha vitambaa. Mwishowe kasema haya, mwalimu, tujaribu.

Nchagwa kajiandikisha wa kwanza. Kesho nakwenda kwa Mwajuma, nimuulize keki inachemshwa au inakaangwa.