Kobe Uliyetuachia Bila Chombo cha Kunywea

Kwako Dada Mkubwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, mpwa wangu amepata nguvu baada ya kujifungua, na mtoto ananyonya na kulala inavyopasa. Sisi huku tunapumua. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu wewe huanza kucheka kabla sijafika kwenye hoja, na jambo hili halitaki kicheko. Ndiyo maana leo nimefunga saluni mapema, nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikashika kalamu.

Unakumbuka ulivyoondoka kwenda kumhudumia mwanao. Ulisimama mlangoni na boksi lenye kobe wako, Mheshimiwa, ukasema, "Mdogo wangu, huyu hana makuu. Majani kidogo na maji, basi." Majani yalikuwemo kwenye boksi. Maji ulituachia tuyatafutie chombo wenyewe. Kwa heshima yote anayostahili dada aliyenibeba mgongoni, nawasilisha malalamiko yafuatayo.

1. Bakuli la plastiki. Ndilo nililoanza nalo, lile la kuloweka taulo. Nililiweka karibu na kioo ili mgeni asijione mpweke. Sasa kobe wako, dada, hana desturi ya kuzunguka kitu. Kilicho mbele yake ndicho kinachotakiwa kuhama. Alilisukuma kwa kifua mpaka likapinduka, maji yakatambaa hadi kwenye waya wa soketi, umeme ukazimika saluni nzima. Kwenye kiti alikuwa karani wa mahakama, nimeshamaliza upande wa kushoto. Alingoja, akatazama saa, akavaa kofia, akaenda kazini. Nasikia hakimu alimwamuru avue kofia mbele ya mahakama. Akavua. Kesi ikaahirishwa. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi niliyazoa, kwa tambara, nimepiga magoti mbele ya mnyama.

2. Sufuria. Nilijiambia, kumbe tatizo ni wepesi wa chombo. Mke wangu alikuwa sokoni, nikachukua sufuria yake nzito bila kuuliza, nikaweka na kibao cha kupandia. Sufuria haikupinduka. Aliyepinduka ni Mheshimiwa. Alipanda kibao taratibu kama mtu anayekwenda kupokea cheti, akatumbukia, akalala chali humo ndani huku miguu minne inapiga maji. Mimi nilikuwa nanyoa, nimeipa mgongo hatari. Wifi yako ndiye aliyeingia, akaona, akamtoa, akamfuta kwa khanga yake mpaka akapiga chafya. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, mbele ya wateja, "Kama ulitaka kumpika ungesema, ningenunua na vitunguu." Tangu hapo hapiki tena kwenye sufuria ile. Tunapikia ile ndogo, na mimi ndiye ninayepakuliwa mwisho.

3. Kifuniko cha sufuria. Kwa kuwa sufuria yenyewe ilishafiwa na heshima yake, niligeuza kifuniko juu chini. Kikakalia kishikio chake na kuwa bembea. Mheshimiwa akiweka mguu, kinapiga sakafu, ko, maji yanahamia upande wa pili. Naye anayafuata, ko. Mteja aliyekuwa chini ya wembe aliniomba kwa adabu nichague kati ya kobe na koo lake.

4. Hili la nne si chombo, ni watu. Saluni yangu ilikuwa mahali pa kubishania mpira. Sasa hakuna anayetaja mpira. Mtu anakuja hana hata unywele wa kunyoa, anakaa, anauliza, "Amekunywa?" Ukijibu bado, anatoa ushauri. Fundi bomba hakutoa ushauri, alikuja na saruji. Niliporudi kutoka kula nilikuta amejenga birika ambalo ndama angeogea, mahali palipokuwa na benchi. Benchi likatolewa nje. Mheshimiwa alilitazama birika, akageuka, akalifuata benchi. Fundi bomba aliumia kweli. Alisema katika maisha yake hajawahi kukataliwa kazi na mtu asiyesema neno.

Hapo mambo yakaacha kuchekesha. Kobe wako alikuwa hajanywa, dada. Macho yalianza kudidimia, ngozi ya shingo ikawa kama karatasi, na kichwa akawa hakitoi hata kwa jani laini. Wifi yako alikuwa anaamka, anachuchumaa pale, anamwita. Akaniambia, "Wifi akirudi akakuta gamba tupu, nitajibu nini? Atasema hata kobe wake sikumpenda." Nilishika ufagio nikafagia mahali palipokuwa safi, kwa sababu mimi na wewe tunajua kwamba wewe na yeye mmekuwa mkisalimiana miaka yote kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki.

5. Sahani yako. Nakuomba ukae vizuri kabla hujasoma. Ni ile ya udongo uliyotuletea kwenye harusi, pana kama sinia, nzito kama jiwe la kusagia, ukingo wake haufiki urefu wa kidole. Haikudumu mezani, kwa kuwa mchuzi ulikuwa ukiingia na kutokea upande wa pili. Mke wangu alikuwa akisema aliyetoa sahani hii hakutaka tushibe. Wewe ulikuwa ukisema ana maringo, zawadi anaiweka juu ya kabati. Nami nilikuwa katikati, nakubaliana na kila mmoja kwa zamu.

Asubuhi moja wifi yako alipanda kigoda akaishusha mwenyewe. Akaiosha, akamimina maji kidogo tu, akaiweka sakafuni. Mheshimiwa alikuja. Akavuka ukingo bila kusukuma kitu, akasimama ndani kwa miguu ya mbele, akateremsha kichwa, na koo likaanza kupanda na kushuka. Nilizima mashine. Fundi bomba alivua kofia. Alikunywa, dada, akanywa mpaka mtu ukaona kiu wewe mwenyewe. Wifi yako alikuwa ameshika mashavu. Akasema, "Kumbe wifi alijua anachonunua." Na kobe wako, baada ya kutosheka, akajisaidia humo humo. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, na mimi kicheko kile sikuwa nimekisikia siku nyingi.

Kwa hiyo basi, naomba:

Kwanza, uje umchukue Mheshimiwa haraka iwezekanavyo. Pili, utuletee zawadi nyingine ya harusi, kwa kuwa ya awali imeshapata mtumiaji na kwa hali ilivyo hatuwezi kuidai tena. Tatu, umwandikie karani wa mahakama barua ya pole, maana akiniona mimi anavuka barabara.

Nisalimie mpwa wangu, mkwe wetu, mama mkwe wake kama bado yupo, majirani wanaokusaidia kubeba maji, na huyo mgeni mdogo asiyejua bado ana babu wa aina gani.

Ni mimi mdogo wako, mwenye subira iliyokaribia kwisha,
Kinyozi.

Nyongeza: Wifi yako ameisoma barua kabla sijaitia kwenye bahasha. Anasema ombi la kwanza nilifute, Mheshimiwa hatoki hapa. Nimemwambia barua ikishasainiwa haifutwi. Akaniuliza chakula cha jioni nitakula wapi. Basi lisome kama limefutwa. Wewe ndiye unayetakiwa uje, pamoja na mzazi na mtoto, na chumba cha mbele ameshakitandika. Na kuhusu ile zawadi nyingine, anasema usihangaike kuchagua. Tafuta sahani kama ile ile, hiyo mpya iwe ya kulia sisi. Mchuzi atapunguza.