Kibali cha Balozi wa Asia

Antipasi hakuwa mwizi, na aliyemwita hivyo alimwonea. Mwizi huchukua kitu cha mtu bila mwenyewe kujua. Antipasi alikuwa akipewa, tena kwa mikono miwili, na mara nyingi mwenye mali alimsindikiza mpaka njiani akimtakia heri. Kule Itigi aliwahi kuwauzia watu mvua za masika, na hakuna aliyeweza kumlaumu kwa sababu kweli zilinyesha. Shida ilianza alipotaka kuwauzia na kiangazi.

Kwa hiyo asubuhi moja ya mwaka 1969 aliteremka Manyoni, akaingia katika mgahawa wa Mama Damari kunywa chai. Meza ya pili walikaa watu watatu wameinamia ukurasa wa gazeti kuukuu lililofungiwa sukari. Mmoja alikuwa Damari mwenyewe, mjane mnene mwenye sauti ya kuamuru. Wa pili alikuwa Alute, mchinjaji. Wa tatu alikuwa Mzee Manase, mpunga bendera wa stesheni. Hawa watatu walichunga mbuzi pamoja tangu utoto, na tangu utoto walikuwa wakiahidiana kwamba siku moja watasafiri mbali, wote pamoja, kwa miguu na kwa treni. Sasa ukurasa ule ulikuwa na picha ya ukuta mrefu wa China.

"Miaka ishirini na saba nimewapungia wengine bendera," Manase alikuwa akisema. "Mimi mwenyewe sijapanda treni hata ya kufika Saranda. Nikipanda mimi, nani atapunga?"

Antipasi akaweka kikombe chini polepole. Kuna watu hufurahi wakiona ng'ombe aliyenona. Yeye alifurahi akiona hamu, kwa sababu ng'ombe ana mwenyewe na mwenyewe ana rungu. Akasogeza kiti, akatoa shikamoo kwa wote watatu kwa zamu, akauliza kama wazee wake wamepata habari ya msafara wa urafiki wa kwenda Asia.

Hawakuwa wamepata. Wangeipata wapi, wakati yeye mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa akiitunga? Akawaeleza kwamba wananchi wa kawaida wanatakiwa wakaitembelee Asia na shanta mgongoni, kijiji kwa kijiji, bila makuu. India, China, mpaka wanakochomoza jua, akasema, na alipoona wanamwelewa hakurudi nyuma kusahihisha. Nauli hakuna. Zinatakiwa afya, nidhamu, na vitu vichache vya kupendeza machoni pa wenyeji.

"Na anayeruhusu ni nani?" akauliza Damari, ambaye hakuzaliwa jana.

"Balozi wa Asia," akajibu Antipasi. "Tumeandikiana. Kinachongojwa ni kibali chake tu."

Jioni hiyo Damari alimpa chumba cha uani bure, na mazoezi yakaanza kesho yake. Watu wa Manyoni wakaona mambo. Wakaona mchinjaji wao akizunguka stesheni na shanta ya turubai iliyojaa mawe, Mama Damari nyuma yake akihesabu hatua, na Mzee Manase wa mwisho na bendera kwapani, maana treni haingoji mazoezi. Wakaona ugali ukiliwa kwa vijiti viwili, jambo lililomkondesha Alute katika siku nne. Usiku, wakiwa wamechoka, Antipasi aliwafundisha lugha ya Asia, ambayo kwa kweli ilikuwa Kikerewe cha bibi yake kilichosemwa puani.

Na lazima isemwe kwamba walikuwa na furaha. Damari alilala akicheka peke yake. Alute, ambaye hakuwahi kununua kitu bila kukipunguza bei, alianza kuwapa wateja nyama ya nyongeza ili wamkumbuke akiwa mbali. Manase alipiga pasi bendera zake zote mbili. Antipasi aliyaona hayo akajisifu kimoyomoyo kwamba yeye ni mtu mwema sana, kwani ni nani mwingine angewapa wazee furaha ya namna hii kwa shanta tatu tu?

Shanta hizo tatu ndizo zilikuwa mavuno yake. Aliwaeleza kwamba zitatangulia naye Alhamisi kwa ukaguzi wa forodha, nao watafuata wiki ijayo. Ya Damari ilijaa chungu cha samli, asali na doti nne za khanga mpya. Ya Alute ilikuwa na nyama kavu, jogoo hai wa kumpa Balozi, na redio yake, ambayo ilipaswa kutangulia ili ianze kuzoea lugha. Kwa Manase palikuwa na kitu kimoja tu cha maana, saa ya mfukoni ya fedha aliyoachiwa na baba yake, na hapo mzee akasita.

"Mzee wangu," Antipasi akamwambia kwa upole, "jua la Asia linatangulia letu kwa saa tano. Saa isipokwenda mapema, itachanganyikiwa, na mshale ukishachanganyikiwa hauna dawa."

Manase akaifunga kwenye leso, akaitia shantani. Usiku ule Antipasi hakulala vizuri, akalaumu maharage.

Kilichobaki ni kibali, nacho Antipasi alikuwa amekusudia kukiandika mwenyewe kwa herufi za kutisha. Lakini Jumanne Damari akaja mbio, uso umemng'aa, akasema mambo yote tayari. Walikwenda kwa balozi.

"Balozi gani?" Antipasi akauliza.

"Mama Redempta. Balozi wetu, nyumba ya tatu kutoka hapa."

Ilimbidi Antipasi ajifanye anakohoa. Wazee hawa walikuwa wamekwenda kwa balozi wa nyumba kumi, yule kiongozi wa chama mtaani ambaye kazi yake ni kusuluhisha magomvi na kujua nani kalala kwa nani, wakidhani ndiye mwenye funguo za bara zima. Damari akaongeza kwamba Mama Redempta amekubali kwa moyo wote, barua yenye mhuri ataileta mwenyewe stesheni, ila amesikitika kidogo kwamba mgeni amelala mtaani kwake siku tisa bila kuripotiwa. Antipasi akasema amwombee radhi. Mhuri wa kweli, tena bure! Nani angethubutu kufungua shanta zenye mhuri?

Alhamisi treni ya kwenda Dar es Salaam iliingia saa nne asubuhi. Mama Redempta, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimkabidhi bahasha iliyobandikwa gundi, akamwambia ampe gadi wa treni atakapoulizwa. Wazee watatu hawakuonekana. Hata bendera ilipungwa na stesheni masta. Antipasi akafikiri wameshindwa kuvumilia uchungu wa kuagana, na kwa muda mrefu alijisikia vibaya, karibu dakika moja na nusu.

Kabla ya Saranda, jogoo akawika ndani ya shanta. Akawika tena. Gadi, bonge la mtu, akasimama mbele yake akauliza mizigo hii yenye sauti ni ya nani. Antipasi akatoa bahasha kwa madaha ya mtu mwenye wakubwa nyuma yake. Gadi akaichana, akasoma kwa sauti, na behewa zima likageuka kumsikiliza.

"Mwenye barua hii, Ndugu Antipasi, amejitolea kwa hiari yake kulima shamba la ujamaa la Balozi Asia, kule mbele ya Kilimatinde, mpaka mavuno. Shanta tatu ni za wenzake walioko behewa la nyuma, naye amejitolea kuwabebea. Ateremshwe Saranda. Akikana habari hii, basi aulizwe shanta ni za nani na alikuwa anazipeleka wapi."

Abiria wakampigia makofi. Bibi mmoja akasema laiti vijana wote wangekuwa hivi. Antipasi alifungua mdomo, akatazama mabega ya gadi, akakumbuka saa iliyofungwa kwenye leso, akaufunga. Njia ya kulia ilikuwa polisi na ya kushoto ilikuwa jembe. Treni ikasimama.

Kutoka behewa la nyuma waliteremka Damari, Alute na Manase, fimbo mkononi. Manase akafungua shanta yake kwanza, akatoa saa, akaiangalia, akaiangalia treni.

"Imechelewa dakika nne," akasema, akaitia mfukoni.

Njia ya kupanda Kilimatinde ni ya mawe na jua halina huruma. Antipasi alibeba shanta mbili mgongoni na moja kifuani, jogoo akimdonoa kidevu, huku wenzake wakitembea wepesi kwa hatua alizowafundisha mwenyewe. Juu kabisa walisimama. Chini yao nchi ya Ugogo ilitandaa mpaka macho yanachoka.

"Mlijua tangu lini?" akauliza Antipasi.

"Jumapili," Manase akasema. "Nilimsalimia mchuuzi wa samaki wa Mwanza kwa lugha yako ya Asia. Akanikumbatia, akaniuliza habari za Ukerewe." Akatazama bonde. "Nilikasirika sana. Nililia, sikufichi. Halafu Damari akasema, shanta si zimeshafungwa? Tukamwambia Mama Redempta tunataka kwenda kwa Balozi wa Asia. Akasema Balozi Asia anamfahamu, ni wa nyumba kumi kama yeye, walikuwa pamoja semina ya Dodoma, na analia hana watu wa kulima."

Balozi Asia, mama wa makamo mwenye kilemba cha kijani, aliwapokea kwa vigelegele. Jogoo akachinjwa, samli ikaliwa, redio ikawashwa, na wazee watatu wakakaa wiki mbili wakitembea kijiji kwa kijiji. Kila walikofika walisema wanatoka kwa Asia, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Antipasi siku ya tatu alijaribu kuondoka. Mama mwenye nyumba wa kwanza aliyemwomba malazi akamwuliza barua ya balozi wake. Wa pili akamwuliza hivyo hivyo. Akarudi kwa Balozi Asia, akainama kwa heshima, akaomba kibali cha kusafiri.

"Utapata, mwanangu," akasema Balozi Asia, akimpa jembe. "Baada ya mavuno."

Siku wazee walipoondoka, aliwabebea shanta zao mpaka Saranda. Walimwachia ya Manase, tupu, ya kubebea samadi. Treni ilipoanza kwenda, Mzee Manase alitoa kichwa dirishani, akachomoa bendera ya kijani aliyoipiga pasi, akampungia kwa nguvu zake zote, machozi yakimtoka kwa furaha.

Antipasi alisimama peke yake, shanta begani. Akainua mkono, akapunga.