Kanga ya Haapsalu

"Jamani, kuna mji Ulaya una stesheni yenye paa refu kuliko mtaa wetu huu wa Dengfeng, na treni ya abiria haiji!"

Augustin, Mkongo waliyembandika jina la Redio, alipasua habari kabla hajaketi, gazeti la Kifaransa la mwaka huo wa tisini na nane likipepea mkononi.

"Sasa watu wanangoja nini?" aliuliza Sihaba, mwenye kibanda cha chai cha Waafrika katika mtaa huo wa Kichina. Yeye walimwita Wembe.

"Mwezi! Haapsalu, Estonia. Kuna ngome. Agosti mwezi ukipevuka, mwanamke mweupe hutokea dirishani mwa kanisa la ngome hiyo. Zamani walimziba ndani ya ukuta akiwa hai. Kisa mapenzi, voilà!"

"Mweupe, Ulaya, ndiyo habari? Atokee mweusi ndiyo mniite!"

Kibanda kilivunjika mbavu. Pandu, muuza vitambaa, peke yake ndiye aliyekodoa macho. Maarika, mteja wake mkubwa, alikuwa wa mji huohuo. Alikuwa amemwagiza vitambaa vya sherehe ya mwanamke huyo, na alikuwa njiani kuja kuvikagua.

"Yakhe Redio, kumbe kafa vibaya hivyo?"

"Mon frère, mji mzima humkumbuka!"

Pandu akafungua robota la vitambaa hivyo. Ngome ipo, dirisha lipo, mwanamke yupo. Na chini yake, kwa mkono wa Mzanzibari asiyejua kanga isiyo na jina: WACHUNGULIA, WATAFUTA NINI?

"Pandu! Umemsuta mzimu!" Wembe alishika kiuno.

"Laoban, yule bosi Mchina wa kiwanda, kaniuliza niandike nini. Ningeacha tupu, kama shuka la hospitali?"

"Mteja wako akiuliza, sema ni 'Karibuni nyote'," Redio akanong'ona.

Maarika aliingia, akakunjua kitambaa, akaweka kidole palepale. "Hapa pamesemaje?"

Wembe alimkanyaga Pandu mguu. Akiupoteza mzigo huu, mteja hana tena. Lakini kumwongopea bibie, kisha watu wake waje kuvaa wasichokijua?

"Inamuuliza anachungulia nini," akasema.

Maarika alimtazama tena yule mwanamke wa dirishani. Kisha akacheka mpaka akaomba kiti.

"Huyu wa ngome hutokea mara moja kwa mwaka. Jirani yangu yuko dirishani kila siku! Nachukua vyote, na kimoja nashona pazia. Maandishi yatazame nje."

"Madame, jirani hajui Kiswahili," Redio alimkumbusha.

Wembe akamwongezea mgeni chai. "Mtundikie tu, mwanangu. Anayesutwa hahitaji mkalimani."