Springi Tano za Oldřich Vrzal

Jumatatu, 3 Februari

Limefika! Daraja jipya la gitaa, chuma kitupu. Nimelikuta kwenye sanduku la vifurushi mbele ya duka na kulibeba chini ya koti hadi nyumbani.

Nieleze, kwa faida ya vizazi vijavyo. Gitaa langu la umeme lina mkono. Ukiusukuma, daraja linaloshika nyuzi linainama, na sauti inalia kama mtu aliyeachwa na mchumba. Ukiuachia, nyuzi hurudi mahali pake. Zangu hazirudi. Kwenye dansi ya wawindaji mwezi uliopita zilikwenda, na hazikurudi mpaka tulipofunga vyombo.

Hromádko aliniambia mbele ya watu. Huyu ni mkuu wa wazima-moto wa kujitolea hapa mjini, na pia kiongozi wa bendi yetu, mwenye akordioni. Alisema: Olda, Jumamosi ni dansi yetu wenyewe. Ukitoka nje ya sauti tena, gitaa la mbele atapiga Zbyšek, na wewe utauza tiketi za bahati nasibu.

Miaka kumi na tisa nimesimama mbele kwenye jukwaa la bendi hii. Na Zbyšek Pazdera ni nani? Fundi umeme. Daraja la gitaa lake limepigiliwa kama mlango wa benki. Halitikisiki, wala yeye hatikisiki.

Drahuše, mke wangu, ameuliza kifurushi ni cha nini. Nikasema ni kipuri cha mashine ya kufulia. Akafurahi sana. Akasema imevuja tangu Krismasi na alidhani sijaona.

Jumanne, 4 Februari

Siku ya kazi, karakanani chini ya nyumba. Mcheki ana mikono ya dhahabu. Hivyo ndivyo tunavyojisifu wenyewe, na sijasikia aliyepinga.

Daraja la zamani lilishikwa na skrubu sita. Jipya linataka mbili tu, nene, na wala si mahali zilipokuwa zile sita. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nimeziba matundu kwa vijiti vya kuchokolea meno na gundi, nikatoboa mapya kwa drili. Moja limekwenda upande kidogo. Kwa mbali halionekani.

Nyuma ya gitaa kuna springi zinazovutana na nyuzi. Maelezo yanasema tatu zinatosha. Kwenye pakiti zimo tano. Mtu hapewi tano ili atumie tatu. Nimeweka zote.

Drahuše aliita kutoka juu akitaka kujua mashine imefika wapi. Nikamjibu sehemu ngumu imekwisha.

Jumatano, 5 Februari

Daraja hili lina tabia. Ukikaza uzi mmoja, nyingine tano zinalegea. Ukizikaza hizo tano, ule wa kwanza unalegea. Nimezunguka hivyo tangu kifungua kinywa hadi supu ya mchana.

Pamoja na daraja walinipa kipimasauti cha bure. Kibovu! Uzi wa pili kinauita B. Uzi wa pili ni H, hata mbuzi wa jirani anajua. Yaani sauti ya A, kisha ya H, na B ni ile nyembamba iliyobanwa katikati yao, nusu sauti chini ya H. Nimekitupa kwenye droo na kutumia sikio langu.

Saa tisa daraja likatulia. Nilisukuma mkono, nikauachia, na nyuzi zote zikarudi. Mara kumi! Nilikaa juu ya gunia la viazi nikafurahi mpaka macho yakalowa.

Wakati huohuo Zbyšek akapita kuazima ngazi. Akatazama nyuma ya gitaa, akahesabu springi, akaniuliza kama ninakusudia kuvuta lori. Kisha akasema kwa upole wake ule wa kuudhi: mchagua jembe si mkulima, Olda. Nimempa ngazi yenye kipago kilichovunjika.

Na hapo wazo likanijia. Dansi ifunguliwe na wimbo ambao gitaa lazima lilie. Zbyšek atalifanyaje daraja lake la msumari lilie? Ni Orla anayeimba nyimbo za namna hiyo. Orla ni Mwairishi, mke wa daktari wetu wa mifugo, anafundisha Kiingereza shuleni. Nimempigia simu Hromádko. Alinung'unika, kisha akakubali.

Alhamisi, 6 Februari

Nimekutana na Orla kwenye duka la keki, kabla Zbyšek hajamfikia. Nimemnunulia keki mbili za krimu. Anaongea Kicheki vizuri, ila polepole, kama anayevuka barafu. Ameniambia wimbo ni wa kwao, wa huzuni, na katikati ameacha nafasi gitaa lilie peke yake. Alikuwa ananisoma moyo, mwanamke huyu.

Nikamuuliza unaanzia sauti gani. Akaandika kwenye karatasi ya kufutia mikono, herufi moja, kubwa: B. Nikasema vizuri sana, B ni sauti ya watu wenye hisia. Akanitazama kidogo, akala keki.

Mchana kutwa nimefanya mazoezi ya B. Hromádko alipiga simu mara mbili ili aniambie habari za wimbo. Sikupokea. Anichoshe kwa nini na jambo ninalolijua?

Niliporudi jikoni, mashine ya kufulia ilikuwa inafua. Drahuše alimwita Zbyšek, aliyekuwa anarudisha ngazi. Kumbe ni bomba tu lililolegea, dakika kumi. Drahuše akaniuliza, basi kile kipuri kizito kiko wapi. Nikasema ndicho kilichompa Zbyšek njia. Akalifunga jokofu. Leo nimekula mkate mkavu.

Ijumaa, 7 Februari

Msiba.

Mazoezi kwenye kituo cha zimamoto, katikati ya mipira ya maji. Bendi nzima, Orla, Zbyšek kwenye kiti cha nyuma na gitaa la kusindikiza. Hromádko alitaka kutaja sauti ya kuanzia. Nikamwambia asihangaike, tunajua. Tukaanza.

Sauti iliyotoka sijapata kuisikia, hata siku ile ng'ombe wa ushirika walipokwama kwenye barafu. Wote walikuwa juu, mimi nilikuwa chini. Si chini sana. Nusu sauti, ile inayoumiza meno. Orla aliimba mistari miwili, akashika sikio. Zbyšek aliinama kufunga kamba za viatu, na viatu vyake havina kamba.

Hromádko akasema: Olda, gitaa lako limezama. Nikajua papo hapo. Daraja! Usiku limelegea, springi zimejinyoosha kwa baridi ya karakana, na nyuzi zote zimeshuka kwa pamoja. Inawezekana kabisa. Nimewaeleza. Mpiga ngoma aliomba nirudie.

Hromádko ameninong'oneza kando, karibu na pampu. Amesema haoni raha kufanya hivi, kwamba alianza nami bendi hii tukiwa na nywele, lakini watu watatoka vijiji vitatu. Kesho saa kumi na moja jioni anataka kunisikia. La sivyo, tiketi. Nikajifanya nakohoa.

Jumamosi, 8 Februari

Mikono ya dhahabu!

Orla amenipa rekodi yake ya wimbo. Nimeicheza karakanani na kupiga juu yake. Kweli, nilikuwa chini. Nikachukua bisibisi, nikakaza skrubu zinazovuta springi, robo mzunguko, nusu, mzunguko mzima. Nyuzi zote zikapanda kwa pamoja, taratibu, kama maziwa kwenye sufuria. Zilipofika kwenye sauti ya Orla nikaacha. Sawasawa kabisa! Vidole viko palepale pa B, na sauti inaingia kwenye wimbo kama mguu kwenye soksi.

Ona sasa. Fundi wa kawaida angebadilisha wimbo. Mimi nimebadilisha gitaa.

Saa kumi na moja Hromádko alisikiliza wimbo ule mmoja, akanishika bega na kusema nafasi ni yangu. Hakukuwa na muda wa kujaribu nyingine. Nimevaa shati jeupe. Drahuše mwenyewe ndiye aliyelipiga pasi.

Jumapili, 9 Februari

Naandika nikiwa na barafu kichwani. Nitasema yote, maana aibu ikiandikwa hupungua. Hivyo nimesikia.

Ukumbi ulijaa. Tulifungua na wimbo wa Orla. Palipofika katikati nilisukuma mkono, na gitaa likalia hivi kwamba mke wa meya akafuta macho kwa kitambaa cha meza. Makofi. Drahuše alisimama. Ningekufa pale ningekufa tajiri.

Kisha ikaja polka.

Polka ile nimeipiga tangu ujana, vidole vinaijua bila mimi. Vidole vilikwenda palepale pa siku zote, na gitaa likatoa nusu sauti juu ya bendi nzima. Wazee waliokuwa wanazunguka ukumbini walisimama mmoja mmoja, wakatazama dari, kama paa linaanguka.

Lakini sikukosa akili. Nusu sauti juu? Basi nitalivuta chini kwa mkono! Nikaubana mkono wa gitaa kwa kiwiko na kupiga polka hivyo, nimepinda kama mtu mwenye jipu. Kwa mstari mmoja na robo tulikuwa sawa, naapa. Polka ilitetemeka kidogo, kama inaimbwa na mbuzi, lakini ilikuwa polka. Kisha kiwiko kikateleza. Ndani ya gitaa kikavunjika kitu, springi moja ikatoka, ikaruka juu ya safu mbili za meza na kutumbukia kwenye bia ya meya. Nyuzi zote sita zikaenda zinakojua zenyewe.

Zbyšek alikuwa amesimama tayari. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikauza tiketi. Zawadi: nusu ya nguruwe, kapu la soseji, pasi ya umeme. Orla akaja mezani kununua tano. Akaniuliza kwa upole kwa nini nilipiga nusu sauti chini siku ya mazoezi, wakati alikuwa ameniandikia B. Nikamwambia ndiyo, B, nami nilipiga B. Akafunga macho. Akasema, Bwana Vrzal, kwetu ile H yenu ndiyo inaitwa B. Hatuna H. Alidhani kila mwanamuziki hapa anajua jambo hilo.

Nikamwambia najua, bila shaka. Nikamzidishia tiketi moja. Akashinda pasi.

Jumatatu, 10 Februari

Nimefikiri kwa makini. Daraja halina kosa. Springi hazina kosa. Sikio langu halina kosa, lilifuata kila nilichoambiwa. Kosa ni la alfabeti, na alfabeti sikuitengeneza mimi.

Jioni Hromádko amekuja na chupa ya slivovice, pombe yetu kali ya plamu. Tumekunywa glasi mbilimbili. Kisha akasema dansi ya wakulima wa bustani ni baada ya wiki mbili, na kwamba Zbyšek anapiga sawa, lakini watu wameuliza yule aliyemliza mke wa meya yuko wapi. Nitarudi, kwa sharti moja: niape kwamba sitagusa tena skrubu hata moja ya gitaa langu. Nimeapa, nimeweka mkono juu ya chupa. Aliponikumbatia nilishindwa kujizuia, nikalia. Rafiki wa namna hiyo humpati mara mbili.

Mtu kama yule lazima ashukuriwe. Akordioni yake ina kitufe kimoja kinachokwama, cha tatu kutoka chini, kinamtesa miaka mingi naye hasemi. Huiacha kituoni kwenye kabati lisilo na kufuli, na wiki hii zamu ya kushika ufunguo wa kituo ni yangu. Nimepita kituoni nikaiangalia kwa tochi, kupitia upenyo kando ya vitufe. Mle ndani kuna springi ndogondogo zisizopungua mia.